Njia za baiskeli nyuma ya Malindi: msitu wa Arabuko-Sokoke na vilima vya Magarini

Anayefika Malindi kwa mara ya kwanza huelekezwa baharini: Nguzo ya Vasco da Gama, hifadhi ya bahari, ufuo, na mikahawa iliyopangana kando ya barabara ya Casuarina. Ni wachache wanaoambiwa kwamba ukiipa bahari mgongo na kuingia bara kwa baiskeli, ardhi huanza kuinuka polepole, minazi hupungua, mikanju na miembe huchukua nafasi yake, na kelele za tuktuk hukatika. Tathmini hii ni ya njia hizo za nyuma ya mji, ambazo nimezipita kwa miaka kadhaa katika majira mbalimbali, pamoja na huduma ambazo mwendesha baiskeli atazihitaji akiziendea, yaani kukodi baiskeli, mwongozaji, fundi, maji na chakula. Nasema mapema ninaloliamini: kwa mtu anayetaka kusafiri kwa utulivu bila kuangalia nyuma kila dakika, hapa ni pazuri kuliko popote nilipopata kuendesha baiskeli katika pwani yetu, na inasikitisha kwamba hakuna hata kibao kimoja kinachomwelekeza.

Kwanza niseme ninachokiita njia isiyo na magari. Barabara kuu itokayo Mombasa haimo, kwa sababu malori, mabasi na matatu huipita kwa kasi, na ukingo wa lami mahali pengi umekatika kiasi kwamba mwenye baiskeli hana pa kukimbilia. Barabara ya Casuarina pia siihesabu. Ina kivuli kizuri na ni fupi, lakini ina tuktuk tangu alfajiri, na mtu akiitumia kujifunza gia za baiskeli aliyoikodi atakuwa ameitumia inavyostahili. Njia ninazozungumzia ni za aina mbili. Ya kwanza ni njia za udongo ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambamo gari utakaloliona ni la askari wa msitu au la wageni wachache waliokuja kutazama ndege. Ya pili ni njia za vijijini zinazounganisha mashamba, shule na visima, ambazo hazikuchongwa kwa ajili ya matembezi na kwa hiyo zina watu wake: wanafunzi, akina mama wenye kuni kichwani, na wazee wanaopeleka magunia ya mkaa au mahindi kwa baiskeli zisizo na gia.

Safari ninayoiweka juu ya zote ni ile inayoanzia Gede. Kutoka mjini hadi Gede ni takribani kilomita 15 kwa barabara kuu, na sishauri mtu azipite kwa baiskeli. Pakia baiskeli kwenye pikapu au uipandishe juu ya matatu, ukubaliane nauli kabla haijafungwa kamba, kisha ushuke kwenye makutano ya Gede. Kituo cha msitu kiko karibu na hapo, kandokando ya barabara kuu. Hapo ndipo utakapolipa kiingilio na kuuliza ni njia zipi ziko wazi siku hiyo, na hapo ndipo utakapompata mwongozaji. Malipo ni afadhali yafanywe kwa simu, basi hakikisha laini yako ina pesa kabla hujatoka mjini.

Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki. Kwa mwendesha baiskeli, jambo la kulijua kabla ya majina ya ndege ni udongo, kwa maana ndio utakaoamua kama siku yako itakuwa ya raha au ya kusukuma. Ukianzia upande wa bahari unapita kwenye msitu mchanganyiko, penye mibambakofi na miti mingine mirefu, na ardhi hapo ni ngumu kiasi. Halafu unaingia kwenye ukanda wa mirihi, miti iliyoachana vizuri na kupitisha mwanga mwingi, lakini imeota juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, na mchanga huo ndio mtihani. Tairi nyembamba huzama humo hadi rimu. Ukisonga zaidi magharibi mchanga mweupe unakwisha, karibu kwa ghafla, na unaanza udongo mwekundu wenye vichaka vizito. Hapo magurudumu hushika, mwendo hurudi, na ardhi huanza kuinuka. Msitu wote hauzidi sana mita 200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asije mtu akatarajia milima. Ni miinuko mirefu na ya pole, ambayo mtu wa kawaida ataipanda akiwa ameketi kitini, akibadilisha gia mara mbili au tatu, huku jasho likimtoka zaidi kwa sababu ya joto kuliko kwa sababu ya mwinuko.

Shauri langu kwa ukanda wa mirihi ni kupunguza upepo wa tairi kidogo kabla ya kuuingia na kuuongeza tena kwenye udongo mwekundu, jambo linalotaka uwe na pampu yako mwenyewe. Shauri la pili ni kutokimbia. Mchanga humtupa anayeushambulia kwa kasi, na humpitisha anayekanyaga pedali kwa mwendo mmoja bila kuukaza usukani. Baada ya mvua ndogo ukanda huu huwa mwepesi zaidi kwa sababu mchanga hushikamana. Udongo mwekundu, kinyume chake, baada ya mvua hiyo hiyo hunata kwenye tairi na kujaa katikati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka. Ndiyo maana swali la mvua kwenye njia hii halina jibu moja, na mwongozaji anayeijua ardhi ana thamani kuliko ramani ya simu.

Nimetaja mwongozaji mara kadhaa kwa sababu nalichukulia jambo hili kwa uzito. Ndani ya Arabuko-Sokoke mna ndovu. Wengi wao hujitokeza jioni na usiku, na mchana hukaa kwenye vichaka vya ndani, lakini baiskeli haina sauti na unaweza kumkaribia mnyama kabla hajakusikia. Mwongozaji wa mwisho niliyefuatana naye, binti aliyezaliwa katika kijiji kinachopakana na msitu, alikuwa akisimama kila baada ya mwendo kidogo na kutazama chini: kinyesi kilichokauka alikipita, ila alipoona kilichokuwa bado na unyevu, chenye mbegu nzima ndani yake, alinyanyua mkono, akasikiliza, kisha akatugeuza tukaifuata njia nyingine bila kueleza lolote mpaka tulipofika mbali. Baadaye alisema tu, “Kaka, hawa hatuwaombi njia. Wakiwa mbele, sisi tunarudi.” Kwa huduma hiyo nilimlipa kwa moyo mkunjufu, na kwa maoni yangu malipo ya waongozaji wa msitu ni madogo ukilinganisha na wanachokijua.

Mwendo wa baiskeli una faida nyingine ambayo gari halina. Sange mwenye makalio ya manjano, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye makazi yake makuu duniani ni msitu huu, hutimka anaposikia injini, lakini baiskeli inayoteleza mteremkoni mara nyingi humkuta bado anachakura majani makavu. Tulimwona mmoja hatua chache kutoka njiani, akiupenyeza mdomo wake chini ya jani, anautoa, anautingisha, anaupenyeza tena, na doa lile la manjano likionekana wazi kabisa kwenye kivuli. Wapenda ndege nao watamtafuta kwera wa Clarke, ambaye hupatikana katika kaunti yetu ya Kilifi peke yake, na bundi mdogo wa Sokoke, ambaye bila mwongozaji hutamwona kabisa kwa jinsi anavyofanana na majani aliyoketi kati yake.

Upande wa magharibi wa msitu kuna mahali panapoitwa Nyari ambapo ardhi huinuka kisha ikakatika, na ukisimama hapo unautazama msitu wote ukiteremka hadi hori la Mida na bahari. Pumzika hapo, unywe maji, kwani ndani ya msitu hakuna duka wala kisima cha kutegemea. Mtu mmoja asipungukiwe na lita tatu.

Kabla sijatoka Gede niseme neno la haraka juu ya magofu, kwa kuwa watu wengi watataka kuyaunganisha na safari. Yanafaa, hasa asubuhi mapema kabla ya mabasi ya wanafunzi hayajafika. Mji ule wa mawe, ambao mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, unatembelewa kwa miguu, kwa hiyo baiskeli ibaki langoni. Papo hapo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao hununua mabuu ya vipepeo yaliyokwisha kujifunga kutoka kwa wanavijiji wanaopakana na msitu na kuyauza nje ya nchi. Ninautaja kwa sababu baada ya kuuona utaelewa kwa nini watu wa vijiji utakavyovipita wanaulinda msitu ambao zamani uliwapa kuni tu.

Kutoka Jilore, kaskazini mwa msitu, ambako safari hii iliyoanzia Gede hutokea, safari ya kurudi mjini ndiyo ya njia za vijijini. Kuna barabara kubwa inayokwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, na hiyo ina magari. Lakini kando yake, kupitia pande za Kakuyuni na Ganda, kuna njia za miguu na baiskeli zinazopanda na kushuka kati ya mashamba ya mahindi na mikanju. Mteremko kwa jumla ni wa kuelekea baharini, kwa hiyo wakati miguu imechoka ardhi yenyewe inakusaidia. Hii ndiyo sehemu ninayompendekezea hata mtu mwenye watoto wakubwa wanaoweza kuendesha wenyewe, kwa sharti la kuanza saa moja asubuhi na kumaliza kabla ya saa tano.

Ni kwenye sehemu hii ndipo nilipopata huduma bora kuliko zote katika safari hizi, nayo haikuwa ya duka la mjini. Mwiba ulinipasua tyubu karibu na Kakuyuni, na mtoto mmoja akanipeleka kwa fundi aliyekuwa ameketi chini ya mkanju na beseni la maji, kipande cha msasa na rundo la tyubu kuukuu. Aliijaza tyubu upepo, akaizamisha kidogo kidogo huku akiizungusha, hadi mapovu yakatoka. Akapafuta, akapasugua msasa, akakata kiraka kutoka kwenye tyubu ya zamani na kukizungusha kingo zake kwa mkasi ili zisibanduke. Kilichonipendeza zaidi ni alichofanya wakati gundi ikikauka. Aliingiza kidole gumba ndani ya tairi na kukipitisha taratibu mzunguko mzima, macho yake yakiwa barabarani, mpaka kidole kikasimama. Akachomoa mwiba mwingine, mweusi, usiofika nusu ya kucha.

“Ule wa kwanza ndio uliokuleta kwangu, ndugu yangu,” alisema. “Huu ungekurudisha jioni.”

Nikamwambia, “Ahsante sana, fundi. Mjini wangenitia tyubu mpya na mwiba wakauacha.”

Akajibu kwamba mjini wanauza tyubu.

Mafundi kama huyu wako karibu kila kituo cha bodaboda, na ni hazina kwa msafiri, ilimradi baiskeli yako iwe ya aina wanayoijua. Breki za waya na magurudumu ya kawaida watayatengeneza. Breki za mafuta hapana. Jambo hilo linanifikisha kwenye huduma ya kukodi, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Baiskeli za kukodi mjini zinapatikana kwa urahisi, na nyingi zinafaa kwa safari ya ufuoni, lakini si zote zinazofaa kwa bara. Duka moja nililolitumia lilinipa baiskeli nzuri ya kutazama, yenye rangi mpya na gia nyingi, ambayo mnyororo wake uliruka kila mwinuko ulipoanza, na breki ya nyuma ilikuwa imelika hadi chuma. Niliporudi na kueleza, nilijibiwa kwa upole kwamba wageni huwa hawaendi huko. Upole ule haukuniridhisha, kwa sababu mteremko wa kutoka kwenye udongo mwekundu kuingia mchangani si mahali pa kugundua kwamba breki haishiki. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ipande baiskeli uizungushe mtaa mzima, uikamate breki kila moja peke yake, utie gia nyepesi kabisa na ukanyage kwa nguvu, kisha udai pampu, tyubu ya akiba na spana. Duka likikunyima pampu, nenda duka jingine.

Safari ya pili kwa sifa ni ya kaskazini, ng'ambo ya mto Sabaki, hadi Marafa. Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, na tatizo lake ni daraja, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya karibu ya kuvuka isipokuwa ya barabara kuu. Vuka ukiwa umepakia baiskeli kwenye gari, lakini usivuke bila kusimama kuutazama mto. Wakati wa mvua maji yake huwa mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, na udongo huo, unaobebwa kutoka bara kwa mito ya Athi na Galana, ndio unaoifanya bahari ya Malindi ibadilike rangi miezi ile ambayo wageni hulalamika hotelini.

Baada ya kuvuka, vilima vya Magarini vina udongo mwekundu ule ule wa magharibi mwa msitu, lakini hapa miti ni michache na jua halina huruma. Miinuko ni ya pole, mmoja baada ya mwingine, na mtu asiyezoea atachoshwa na wingi wake. Ninaipenda njia hii kwa sababu ya historia yake. Huko Bungale, katika Magarini, ndiko alikozikwa Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914, wakati serikali ilipowaamuru waihame ardhi ya kaskazini ya Sabaki. Unapoipita ardhi hiyo kwa mwendo wa baiskeli, ukaona jinsi ilivyo pana na jinsi mashamba yanavyoshuka hadi mtoni, unaelewa bila kuhadithiwa kwa nini walikataa kuiacha. Nimewaona wageni wakipitishwa hapo kwa gari bila hata kuambiwa jina lake, na hilo naliona ni hasara kubwa kwao na kwetu.

Korongo la Marafa, ambalo nalo wenyeji huliita Nyari, linahitaji kufikiwa alasiri, kwa sababu mwanga wa jua linaloshuka ndio unaozitoa rangi za kuta zake, nyeupe, waridi, machungwa na nyekundu. Mvua na upepo ndivyo vilivyolichonga, na wazee husimulia juu ya jamaa tajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe hadi ardhi ikawameza. Wenyeji ndio wanaoliendesha eneo hili na kuwapa wageni waongozaji, na huduma yao nimeiona kuwa ya heshima na isiyo na usumbufu. Kwa kuwa ukilisubiri jua lizame huwezi kurudi mjini mchana, ama ulale Marafa, kwenye malazi ya kawaida yaliyopo, ama uwe na gari la kukurudisha. Kuendesha baiskeli usiku kwenye njia hizo sikushauri kamwe.

Chakula hakina shida nje ya msitu. Asubuhi pande za Ganda utapata mahamri na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, na madafu yapo hadi minazi inapokwisha. Miezi ya maembe, ngowe na boribo huuzwa kando ya njia kwa mafungu, nayo hujaza mkoba upesi kuliko mtu alivyokusudia.

Kuhusu majira, epuka masika, hasa Mei, ambapo udongo mwekundu haupitiki. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, kwa hiyo safari ya Gede kwenda Jilore utaifanya ukiwa nao mgongoni. Wakati wa kaskazi ni afadhali kutoka Marafa kurudi Malindi kuliko kwenda, kwa maana upepo wa mchana kwenye vilima vile vitupu ukiwa usoni huongeza kazi kuliko mwinuko wowote.

Ninachokidai kutoka kwa kaunti ni kidogo. Sitaki njia hizi zitiwe lami, kwa sababu lami italeta magari na ndipo zitakapokwisha. Nataka vibao kwenye makutano, hata vya mbao, vyenye jina la kijiji na umbali. Nataka tangi la maji kwenye kituo cha Jilore. Na nataka matengenezo ya vivuko vidogo ambavyo mvua huvikata kila mwaka na kuwalazimisha wanafunzi kupita barabarani penye magari. Na kwa wenzangu wenye baiskeli za kasi, naomba washuke wanapokutana na akina mama wenye mizigo kwenye njia nyembamba, wawaamkie wazee, na wasipige picha za watoto wa watu bila ruhusa ya wazazi wao. Asiyeweza kwenda kwa mwendo huo ana barabara ya Casuarina.

Mwenye siku moja tu, achague Gede hadi Jilore na kurudi kupitia Ganda, aanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ampigie simu mwongozaji jana yake, kwa sababu walio wazuri huchukuliwa mapema na watazamaji wa ndege.